Laki na themanini kwa farasi mmoja: mafunzo ya usimamizi niliyosoma Morogoro

Nianze na hela, maana ndiyo kila mtu ananiuliza. Nililipa shilingi 180,000 kwa Jumamosi tatu, saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri, chai na chakula cha mchana humohumo, cheti siku ya mwisho. Tangazo nililiona kwenye kundi la WhatsApp la wafanyabiashara wa hapa mjini: kanuni na kazi za msingi za usimamizi, kwa wenye biashara ndogo. Walioandaa sitawataja. Nina ya kuwasema, na sitaki mtu akose ugali wake kwa sababu ya maneno yangu.

Mimi nina mgahawa karibu na stendi ya Msamvu. Meza tisa, wafanyakazi saba: wapishi wawili, keshia, wahudumu watatu na mama mmoja wa kuosha vyombo. Nilianza na sufuria mbili na benchi chini ya mwarobaini, kwa hiyo usimamizi nimefundishwa na wateja wenye njaa. Kilichonipeleka darasani ni swali moja lililonisumbua miaka: kwa nini nikiwepo mgahawa unakwenda, nikitoka unalala?

Jumamosi ya kwanza tulikuta mlango umefungwa. Watu ishirini na wawili tumesimama kwenye korido na madaftari mapya. Ufunguo anao dada wa ofisi, na dada wa ofisi yuko Dar tangu jana. Ufunguo wa akiba upo, tunauona wote umening'inia kwenye msumari nyuma ya meza ya mlinzi, ila mlinzi ameambiwa hautoki bila dada kumpigia simu. Simu ya dada haipatikani. Mwalimu akambembeleza, akaonyesha kitambulisho, akaonyesha ratiba yenye jina lake. Mlinzi akatikisa kichwa. "Mwalimu, mimi nina watoto," akasema. Tuliingia saa nne kasorobo. Wengine walinuna mpaka chai. Mimi huyo mlinzi nilimwelewa, na baadaye mtaona kwa nini.

Saa ya kwanza ilikuwa ya maana za maneno, na kwa kweli nilisinzia. Usimamizi ni nini, shirika ni nini, malengo ni nini. Halafu ikaja POSDCORB, neno ambalo Mmarekani Luther Gulick alilishona mwaka 1937 kwa herufi za mwanzo, za Kiingereza, za kazi za msimamizi: kupanga, kuunda, kuajiri, kuelekeza, kuratibu, kutoa taarifa na kupanga bajeti. Tulilinakili kama wanafunzi wa darasa la tano. Jirani yangu, mwenye duka la vipuri vya pikipiki, aliniuliza kama ni dawa ya minyoo.

Kilichoniamsha ni farasi.

Mwalimu alikuwa amefika kwa Henri Fayol, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1841, mhandisi wa migodi. Mwaka 1860 alianza kazi kwenye machimbo ya makaa ya mawe ya Commentry. Mei 1861, akiwa bado kijana wa miaka 19, farasi aliyekuwa akifanya kazi chini kule, kwenye ngazi ya sita ya mgodi, alivunjika mguu. Fayol akaandika karatasi ya kuomba farasi mwingine. Mtu wa zizi akaisoma, akamrudishia: haina sahihi ya mkurugenzi. Mkurugenzi yuko wapi? Hayupo, na hakuacha mtu wa kukaa badala yake. Fayol akasihi sana, mtu wa zizi akakataa katakata, na kazi ya ngazi ile ikasimama. Farasi wazima wamo zizini.

Nikaweka kalamu chini. Mwezi wa tatu nilikwenda msibani Kilosa, ndani ndani kule ambako mtandao unapatikana ukipanda kichuguu. Saa tano asubuhi gesi ikaisha mgahawani, wali uko nusu, maharage hayajaungwa. Keshia ana laki mbili na kitu kwenye droo. Duka la gesi liko mita mia kutoka mlangoni kwangu. Lakini mimi, mama mwenye mgahawa, nilikuwa nimesema kwa mdomo wangu: hela isitoke kwenye droo bila mimi kujua. Wakanipigia mara kumi na moja. Wakakaa. Wateja wa mchana waliuziwa soda na chapati za asubuhi, na wali ule tulikuja kuumwaga. Niliporudi nilimfokea keshia mbele ya wahudumu, nikamwambia hana akili ya kazi.

Kumbe aliyevunja mguu wa farasi ni mimi.

Nilinyoosha mkono, nikasema: mwalimu, hata ufunguo wetu wa leo asubuhi ni farasi. Darasa likacheka, mwalimu akacheka kwa shida, lakini namshukuru maana aliiweka mada aliyokuwa nayo pembeni, tukabaki hapo karibu saa nzima. Akaeleza kwamba Fayol huyo mwaka 1888 alikabidhiwa kampuni nzima ikiwa inaelekea kufilisika, akaiinua, akaiongoza hadi 1918. Mwaka 1916 akachapisha maarifa yake: kanuni 14 na kazi tano za msimamizi, yaani kupanga, kuunda, kuamuru, kuratibu na kudhibiti. Kanuni ya pili kwenye orodha yake ni mamlaka na wajibu kwenda pamoja. Ukimpa mtu mzigo wa kujibu, mpe na uwezo wa kuamua. Keshia wangu alikuwa na wajibu wa mchana mzima na mamlaka ya shilingi sifuri.

Kwa saa hiyo moja peke yake, hela yangu ilirudi. Mengine nayasema kwa haraka au kwa kirefu kadiri yalivyonigusa.

Umoja wa amri ulinigusa. Mfanyakazi mmoja apokee amri kwa mkubwa mmoja. Mzee mmoja aliyekaa nyuma akasema wahenga walishasema hilo, manahodha wengi chombo huenda mrama, mwalimu akaandika ubaoni, kila mtu akafurahi. Ila nilikaa nikawaza kwamba kwangu hatuko manahodha wengi. Tuko wawili, mimi na mume wangu, na yeye huja saa kumi jioni tu akitoka kazini kwake. Akifika anaonja mchuzi. Anamwambia mpishi ongeza chumvi. Kesho yake asubuhi mimi namuuliza mpishi nani kaongeza chumvi. Mpishi, kijana wa watu, amegundua njia yake: anapika mchuzi wa pembeni kwenye kisufuria kwa ajili ya baba, akionja anaukuta mzuri, mambo yanaisha. Nimelijua hilo baada ya mafunzo, nilipomuuliza taratibu. Kisufuria cha baba kilikuwa kinatumia nyanya nne kila siku.

Nilimweleza mume wangu nyumbani, si mgahawani. Hakupenda. Alisema Mfaransa hajui mchuzi. Sasa akiwa na la kusema ananiambia mimi, na siku mbili tatu za kwanza aliniambia kwa ujumbe wa simu tukiwa tumekaa sebule moja.

Kwenye kupanga, mwalimu alisema jambo zuri ambalo angelikazia zaidi. Neno la Kifaransa alilotumia Fayol linabeba vitu viwili kwa pamoja, kuona mbele na kujiandaa kwa ulichokiona. Mimi nilikuwa nimeona, sikujiandaa. Juni 2024 treni ya umeme ilipoanza kuchukua abiria kati ya Dar na Morogoro, niliona kabisa kwenye supu ya asubuhi. Wale wasafiri wa alfajiri waliokuwa wakishuka basi, wanagonga supu na chapati mbili, walianza kupungua. Nililalamika na majirani, tukailaumu treni kwa pamoja, lakini kongoro niliendelea kuagiza kilo zilezile kwa miezi minne na kumwaga mabaki. Zoezi la mwalimu lilikuwa rahisi: chukua hesabu zako za miezi sita, andika kipi kimepanda na kipi kimeshuka, halafu andika utafanya nini Jumatatu. Siyo mwakani, Jumatatu. Nilipunguza kongoro nusu, nikaanza chakula cha kufunga kwa madereva na mafundi wa gereji. Hicho sasa ndicho kinacholipa kodi ya fremu.

Jumamosi ya pili alikuwa Frederick Taylor, Mmarekani wa makoleo. Huyu alikaa kwenye kiwanda cha chuma cha Bethlehem akipima watu wanaochota kwa koleo, akaona mtu anafanya kazi nyingi zaidi kutwa nzima kama kila koleo linabeba ratili 21, karibu kilo tisa na nusu. Kwa hiyo koleo la kuchotea vitu vyepesi liwe kubwa, la madini mazito ya chuma liwe dogo. Wenzangu wengi walimwona wa zamani. Mimi nilimwona jikoni kwangu, ameshika upawa.

Jumapili nilipima. Kilo moja ya mchele, mpishi mkubwa akipakua inatoa sahani nne na nusu. Mpishi mdogo, sahani tano. Mhudumu mmoja ambaye sitamtaja, akimpakulia dereva fulani wa bodaboda, sahani tatu na upendo. Akipakua mimi, saba, na hapo nikaelewa kwa nini wateja wananikimbia nikisimama dirishani. Tukakubaliana wote, tukiwa tumezunguka lile sufuria, kwamba kipimo ni bakuli moja la plastiki la bluu: linajazwa, linasawazishwa kwa mwiko, linapinduliwa kwenye sahani. Kilo inatoa sahani sita. Kwa kilo kumi na tano za siku ni sahani kumi na tano zaidi ya zile za mpishi mdogo, hela ambayo zamani sikujua hata kama naipoteza. Dereva wa bodaboda alilalamika siku ya kwanza: "Mama, mbona wali umekonda?" Anaongezewa maharage, ambayo hayana bakuli.

Ila hapa namgombeza mwalimu. Alimsifia Taylor na saa yake ya kupimia muda kana kwamba watu walishangilia. Baadaye nilisoma kidogo nyumbani, nikakuta kwamba mwaka 1911 wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Watertown kule Massachusetts waligoma kwa sababu ya saa hiyohiyo, na mwaka uliofuata Taylor akaitwa kuhojiwa na kamati ya Bunge la Marekani. Hilo ni somo zima na lilirukwa. Ningelijua mapema nisingefanya nilichofanya Jumatatu ile: nilisimama na simu nikimpima dada wa chapati ni sekunde ngapi anasukuma moja. Hakusema kitu. Aliendelea kusukuma, akazikaanga, na chapati za siku ile zilikuwa ngumu kama ndala. Kesho yake niliomba radhi, na kipimo cha chapati kimebaki kwake mwenyewe.

La pili la kumgombeza ni zito zaidi. Tulikaa dakika arobaini kwenye nidhamu ya wafanyakazi: kuchelewa, simu kazini, udokozi. Picha kwenye projekta za kuchekesha, darasa zima la mabosi linacheka. Akasimama mama mmoja mwenye saluni akauliza: na sisi je, sheria inatudai nini? Mwalimu akasema hilo ni somo la siku nyingine. Siku nyingine haikufika. Jamani, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki, zisizidi tisa kwa siku, na likizo ya mwaka ni siku 28. Mpishi wangu mkubwa alikuwa anaingia saa kumi na moja alfajiri na kutoka saa mbili usiku, siku sita. Pigeni hesabu wenyewe, mimi nilipiga nikaona aibu. Fayol mwenyewe kwenye zile 14 ameweka malipo ya haki, ameweka usawa, ameweka na mfanyakazi kudumu kazini. Nimebadilisha wahudumu wanne kwa mwaka mmoja, kila mmoja nikisema vijana wa siku hizi hawapendi kazi. Sasa wapishi wana zamu mbili. Imenigharimu mshahara wa msaidizi mmoja, na sijajua bado kama mgahawa utaubeba hadi Desemba.

La tatu ni la uzawa wangu wa Morogoro, mnivumilie. Mifano yote ilikuwa ya Wajapani na Wamarekani. Sawa, wana mambo yao. Lakini uko Morogoro, unafundisha kupanga na kudhibiti, unapitaje kiwanda cha viatu bila kukitaja? Kilijengwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, mashine za kisasa, matumaini ni viatu vingi viuzwe Ulaya. Jengo lenyewe lilikuwa na kuta za alumini na halina mfumo wa kupitisha hewa, kwa joto hili letu. Uzalishaji haukuwahi kuvuka asilimia 5 ya uwezo wake, na mwaka 1990 ukasimama kabisa. Kila kazi kati ya zile tano imo humo. Yule mzee wa nyuma alilitaja wakati wa chakula, si darasani, na meza yetu ikawa darasa zuri kuliko la juu. Alisema mashine ukinunua huku hujui ngozi utaipata wapi na nani atazitengeneza zikiharibika, umenunua vyuma. Mwalimu alikuwa meza ya pili anakula.

Chakula, kwa kuwa ni kazi yangu: wali ulikuwa wa baridi Jumamosi zote tatu, kuku mkavu, kachumbari nzuri sana. Chai ya saa nne ilifika saa sita siku ya pili kwa sababu wapishi waliambiwa na dada wa ofisi saa sita na wakaambiwa na mwalimu saa nne. Umoja wa amri, hapohapo ngazini. Vitabu vya darasa ni fotokopi, kurasa tatu hazisomeki. Projekta ilizimika mara mbili, na hapo mwalimu akawa mwalimu kweli, maana bila zile picha anazungumza Kiswahili kizuri na anauliza maswali. Ushauri wangu kwa waandaaji: mkateni umeme.

Cheti kimeandikwa jina langu kwa kukosea herufi moja. Nimekitundika hivyohivyo juu ya kaunta.

Nani aende? Mwenye watu watatu na kuendelea, hasa yule anayeamka usiku akikumbuka hakuacha hela ya mkaa. Ukiwa peke yako na genge lako, subiri, hela hiyo nunua mzigo. Ukiwa umesoma biashara chuoni utachoka kabla ya chai. Kaa mbele, kiyoyozi cha nyuma kinadondosha maji. Uliza maswali mengi, mwalimu anajua kuliko anavyoonyesha. Nampa nyota tatu na nusu kati ya tano, na hiyo nusu ni ya farasi.

Kwangu mimi kuna karatasi imebandikwa ndani ya mlango wa kabati la keshia, kwa mwandiko wangu. Gesi, mkaa, maji, barafu na nauli ya hospitali: hadi shilingi 80,000 toa, andika kwenye daftari, uniambie nikirudi. Zaidi ya hapo piga simu, nisipopatikana muulize mpishi mkubwa, mkikubaliana wawili toeni. Mwezi huu wametoa mara sita. Mara moja walinunua barafu tusiyoihitaji, nikang'ata ulimi.

Awamu ya pili ni ya masoko na hesabu, 220,000, inaanza mwezi ujao. Nimemlipia keshia. Jumamosi hizo tatu nitakaa mimi kwenye droo, na ameshaniandikia karatasi ya nini niruhusiwe kutoa.